Mstari wa Kumi

Kijiwe chetu pale Rumonge, chini ya soko ukielekea ziwani, hakikuwa na benchi la mbao kama vijiwe vya watu wengine. Kilikuwa na kiti cha nyuma cha basi dogo lililochomwa kwenye barabara ya Bujumbura. Mtu alikileta kwa mkokoteni, tukakifuta masizi, tukakikalia. Mwaka ule wa 2003 tulikuwa tumechoka na vita kiasi kwamba hata kiti cha namna hiyo hakikututisha. Pembeni Mwanvua alikuwa na mbabula yake, jiko la makaa, na birika la kahawa yenye tangawizi. Mimi nilikuwa na cherehani yangu chini ya bati, hatua chache kutoka hapo, na kwa kuwa nguo za kushona zilikuwa haba, masikio yangu yalishinda kijiweni kutwa. Mke wangu na watoto walikuwa wamevuka ziwa kwenda Kigoma, na nyumbani nilikuwa nakwenda kulala tu. Nayasema haya mapema ili mjue kwa nini siku zile nilikuwa mwepesi wa hasira. Mtu akikaa peke yake muda mrefu, anaanza kugombana hata na uzi.

Wenzangu walikuwa hawa. Shafii, fundi wa redio, tulimwita Enjeniya, kwa sababu aliwahi kukaa Uvira kwa binamu yake mwenye kompyuta, akarudi na maneno mengi kuliko nguo. Modeste tulimwita Unité, kwa sababu kutwa alizungumza habari za unité, yaani salio la simu, na simu hana. Wa tatu ni Akonkwa, mpika sabuni za mawese, mtu wa kutoka upande wa Bukavu, mlokole, mpole hadi inaudhi. Huyo tulimwita Sentrali, kama ile ofisi inayounganisha simu, na jina hilo lilikuwa la heshima. Yeye ndiye aliyekuwa na simu, ya pekee katika mtaa wetu.

Simu ile ilikuwa na kazi moja kubwa. Barabara ya Bujumbura ilikuwa inameza watu, na kila aliyesafiri alimwachia Akonkwa namba ya simu atakayoiazima huko aendako. Akonkwa aliiandika simuni pamoja na jina la msafiri. Msafiri akifika salama alibipa: mlio mmoja, kisha anakata. Haikugharimu kitu. Akonkwa alitazama kioo, akasimama juu ya kile kiti cha basi, akapaza sauti: “Amefika!” na kulitaja jina. Mwenye mtu wake aliwanunulia kahawa wote waliokuwapo. Siku nyingine tulikunywa mpaka mikono ikatetemeka, na tulifurahi, maana kahawa nyingi ilikuwa na maana ya watu wengi hai.

Halafu alisafiri Vestine, mke wa Akonkwa mwenyewe. Alikwenda Bujumbura na katoni za sabuni, jioni akabipa. Akonkwa alipanda kitini akatangaza, tukacheka kwa sababu ilimbidi ajinunulie kahawa mwenyewe. Kesho yake gari lililokuwa linamrudisha lilisimamishwa njiani. Baadhi ya abiria walitokea kwa miguu, wengine walizikwa. Vestine hakuwa kati ya hawa wala wale.

Sasa sikilizeni ubaya wa ile simu. Ilikuwa na orodha ya waliopiga na hawakupokelewa, na orodha ile ilikuwa na mistari kumi tu. Wa kumi na moja akibipa, wa mwisho anaanguka. Katika siku zile za kumtafuta, wasafiri waliendelea kubipa kama kawaida, na Akonkwa hakuwa na akili ya kutazama. Alipotazama, Vestine alikuwa amesukumwa hadi mstari wa kumi: jina lake, tarehe, na saa. Akaizima simu palepale. Kiangazi kikapita, mvua zikarudi, simu bado iko mfukoni mwa shati lake, imefungwa katika kipande cha plastiki, imezimwa. Kijiwe kikakosa kutangaza, watu wakasafiri, na wa nyumbani wakakaa wakisikiliza mlango.

Siku ninayoisimulia, asubuhi yake Hadjara, binti wa Mwanvua, alikuwa ameondoka kwenda Bujumbura na mimba ya kujifungua wakati wowote. Mtoto wake wa kwanza alitoka kwa kupasuliwa, na muuguzi wetu alisema huyu wa pili asijaribiwe Rumonge. Kabla ya kupanda gari alimpa Akonkwa kikaratasi chenye namba ya mjomba wake Athumani, wa mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura. Akonkwa alikipokea, akakitia mfukoni. Alasiri hiyo tulikuwa wote kijiweni, na Unité, ambaye hajui kunyamaza, ndiye aliyeanza.

Unité: Sentrali, na leo pia hauiwashi?

Akonkwa: Na leo pia.

Unité: Hata kidogo tu? Hadjara iko njiani na ile tumbo yake.

Mwanvua: Umuache, Modeste. Mimi sijamuomba kitu.

Kweli hakuwa amemwomba. Alikuwa anapuliza makaa ambayo tayari yalikuwa mekundu, na mimi nilikuwa nashona mshono nilioushona jana. Ningependa aombe, apige kelele, tupate cha kugombania. Aliendelea kupuliza tu.

Unité: Bon. Enjeniya, wewe njo ulifika Uvira, utuelezee. Huyu mutu aliyetengeneza simu, kumi aliitoa wapi?

Enjeniya: Simu si chuma tu, ndugu yangu. Ndani iko na programu. Programu ni amri, bazungu wanaziandika moja-moja. Mutu akipiga, lia. Akikata, andika jina yake. Zile simu za kwanza zilikuwa kubwa sawa matofali, na hazikukumbuka kitu. Unapiga, unasema, inasahau. Kisha bakaongeza kitabu ya majina. Kisha bakaongeza mesaji. Kisha saa ya kukuamusha. Kisha ile nyoka ya kucheza. Kila mwaka wanakaa, wanafikiri kitu ya kuongeza.

Unité: Na kumi?

Enjeniya: Aliyeandika ile amri alikuwa anahesabia ku vidole. Vidole vikaisha, akaenda kula.

Mimi: Angevua viatu tungepata ishirini.

Hata Akonkwa alitabasamu kidogo. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi, kama mtu aliyetoa senti mfukoni ambayo hakujua kwamba anayo.

Unité: Hapana, Enjeniya, unadanganya. Mimi nilifikiri hii jambo usiku wote. Kule kwao mutu hapigiwi na batu kumi. Akikosa simu tatu kwa siku, ule ni directeur, anafungua champagne. Kwao kumi ni nyingi sana! Na kubipa hawakujui. Kule mutu akipiga simu, iko na kitu ya kusema. Sisi tunapiga kusudi tusiseme. Hiyo hawakuiandika mu programu yao kwa sababu hawajawahi kuiona.

Enjeniya: Nani akawaambie?

Unité: Niende miye! Nifike mu ile bureau, niseme, amahoro, mabwana, mimi natoka Rumonge, tunaomba mistari mia moja, sababu ya barabara.

Mimi: Utapita barabara gani kwenda kuwaambia habari ya barabara?

Hapo Unité alikwama, na Enjeniya akapata nafasi ya kuvuta pumzi na kueleza kwamba kumbukumbu ya simu ni ndogo, kila jina linakula nafasi, na aliyeandika amri alilazimika kuchagua: ama majina mengi, ama ile nyoka.

Unité: Ehe! Njo hapo nilikuwa naenda. Ile nyoka. Inakula nini?

Enjeniya: Inakula nukta.

Unité: Nukta! Nyoka gani inarefuka juu ya nukta? Inakula majina. Inaanzia chini, kwa wale wa zamani. Njo maana kila ukicheza inakuwa murefu. Sentrali mwenyewe alinikataza kuicheza. Nasema uongo?

Akonkwa: Nilikukataza.

Enjeniya: Akonkwa, na wewe? Uliamini?

Akonkwa: Sikuamini. Lakini sikutaka kujaribu.

Mtu mzima aliyeokoka, anayepika sabuni kwa vipimo, alikuwa anaogopa nyoka wa nukta. Zamani ningemcheka hadi jioni. Siku ile sikuweza, kwa sababu mimi pia nilikuwa nalala upande mmoja wa kitanda, ule wa pili nikauacha na mto wa mke wangu, na hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nikaamua kuwa mtu wa msaada.

Mimi: Enjeniya, yule binamu yako na kompyuta yake hawezi kuongeza mistari?

Enjeniya: Anaweza. Anaunga simu na kompyuta kwa waya, anamwaga programu mupya ndani.

Unité: Voilà! Imekwisha!

Enjeniya: Lakini kwanza ya zamani inatoka. Inatoka na kila kitu iliyokuwa inajua. Simu inaamuka sawa mutoto aliyezaliwa sasa hivi.

Akonkwa: Na Vestine?

Enjeniya: Na yeye anatoka.

Mimi: Basi wafute wale tisa wa juu, abaki yeye.

Enjeniya: Hapana. Humo iko kufuta yote ao kutofuta. Aliyeandika hakufikiria kama mutu anaweza kutaka kubakiza mumoja.

Mimi: Basi andika kwenye karatasi, bwana! Kalamu ninayo hapa ya kuchorea vitambaa. Vestine, tarehe, saa. Unaiweka ndani ya Biblia, unawasha simu, roho za watu zinatulia.

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Mwanvua alinikunjia uso. Akonkwa yeye hakukasirika. Alitoa ile simu mfukoni, akaifungua kutoka kwenye plastiki, akaishika wazi kiganjani ili niione, ingawa kioo kilikuwa cheusi.

Akonkwa: Fundi, ku karatasi nitaandika mimi. Hii aliiandika yeye. Alibonyeza na kidole yake kule Buja, na huku jina ikajiandika. Mukono wangu haumo. Ni kitu ya mwisho yeye alifanya na mimi nikaipata. Sasa niiandike na kalamu yako ya nguo?

Niliona haya. Nilikanyaga cherehani bila kitambaa, ikazunguka tupu. Nilitamani kumwambia kwamba namwelewa, kwamba mke wangu yuko hai ng'ambo ya maji na bado sijui anakula nini, lakini mdomo wangu umezoea kuchokoza tu, kusema mengine ulikuwa umesahau. Unité akaona huzuni imekaa, naye huzuni ikikaa yeye husimama.

Unité: Msilie. Mimi nawaambia, wale bazungu hawajamaliza. Itakuja siku simu haitasahau kitu. Itaweka majina ya batu yote, elfu, milioni. Itaweka na sura zao. Itaweka na sauti, unabonyeza, mutu anacheka sawa alivyocheka.

Enjeniya: Kumbukumbu ya hivyo itakuwa kubwa sawa nyumba. Utaibebea ku kichwa?

Unité: Itaingia ku mufuko huu! Na watu wataandika programu ya kila kitu. Ya kuuza samaki. Ya kuombea. Ya kujua mvua. Na ya kujua mutu iko wapi. Unauliza tu: Vestine iko wapi? Inakuonyesha. Iko hapa, ku ile njia, karibu na ule muti...

Alisikia maneno yake mwenyewe, akakaa. Kiti cha basi kililia chini yake. Enjeniya alimkanyaga mguu, amechelewa. Mwanvua alichukua kikombe cha Akonkwa, ambacho hakikuwa kimeisha, akakijaza.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja tusiyemjua, kapu kichwani, miguu imejaa vumbi. Alisema anaitwa Mariyamu, ametoka Kabonga na ndagala, yaani dagaa zilizokaushwa, ameziuza sokoni na sasa anangoja gari la kurudi upande wa Nyanza-Lac. Aliomba kahawa, akakaa pembeni kabisa ya kiti, kama mgeni anayeogopa kuchukua nafasi.

Mariyamu: Amahoro. Mbona muko kimya hivi? Iko musiba?

Mwanvua: Hapana, mama. Iko simu.

Unité hakungoja kuombwa. Alimweleza yote: barabara, kubipa, mistari kumi, yule mwenye vidole, nyoka, na Vestine. Enjeniya alikuwa anamsahihisha kila mahali. Mariyamu alisikiliza, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alisema yeye simu hajawahi kuishika, huwa anawaona nazo wafanyabiashara wa samaki tu, na tusimwone amekosa heshima kama atauliza jambo la mtu asiyejua.

Mariyamu: Huyu mama hamukumuzika?

Akonkwa: Hapana. Hakuonekana.

Mariyamu: Na namba ya hii simu anaijua?

Akonkwa: Anaijua kwa kichwa. Alikuwa anaiimba akipika sabuni.

Mariyamu: Sasa kama iko mahali, na siku zote hizi anaipiga, na simu imezimwa... anaambiwa nini?

 Enjeniya alijua jibu la kifundi, na mimi nilijua: sauti ya mwanamke kwa Kifaransa inasema mtu unayemtafuta hapatikani.  Unité, ambaye ana neno la kila kitu chini ya mbingu, aliinama akafunga kamba ya kiatu chake. Tangu kiangazi tulikuwa tumezungumza habari za vidole vya bazungu na njaa ya nyoka, na swali hilo halikupita karibu na kichwa cha yeyote. Nikaelewa kwa nini. Sisi sote tulikuwa tumekwisha kumzika Vestine. Kwa mdomo tulisema “iko”, kama mtu aliye hai, lakini tukamlinda katika mstari wa kumi jinsi watu wanavyopalilia kaburi. Hata mume wake.

 Midomo ya Akonkwa ilikuwa inachezacheza. Nadhani alikuwa anaomba, au anahesabu miezi. Kisha alibonyeza kitufe na kukishikilia.

Kioo kiliwaka kijani. Simu ilipiga kale kamuziki kake ambako tulikuwa tumekasahau, na Mwanvua akaacha kupuliza makaa. Akonkwa alitoa kile kikaratasi cha asubuhi, akakinyoosha juu ya goti, akaanza kuandika herufi moja baada ya nyingine, akibonyeza kitufe mara mbili, mara tatu, kama inavyotakiwa: HADJARA. Halafu akaiweka simu juu ya kiti, katikati yetu.

Mwanvua: Baba, si lazima.

Akonkwa: Iko lazima, mama.

Tukangoja. Hakuna aliyeleta nadharia nyingine. Gari la Nyanza-Lac lilikuja likapiga honi, Mariyamu akatushukuru, murakoze, akamgusa Mwanvua bega, akapanda na kapu lake tupu. Nadhani mpaka leo hajui alichotufanyia. Kahawa iliisha, Mwanvua akatugawia machicha, tukayanywa hivyo hivyo. Kila kioo kilipojizima, Akonkwa alibonyeza kitufe kiwake. Nilijikuta naomba mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja: simu ilie, na isilie.

Ikalia. Mlio mmoja, ikakatika.

Akonkwa aliichukua, akasoma.  Enjeniya alimshika mkono ili aweze kupanda juu ya kile kiti. Alisimama akiwa amelielekea soko, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya zamani.

Akonkwa: Amefika! Hadjara amefika!

Huko sokoni mtu alipiga kigelegele, hata bila kumjua Hadjara. Mwanvua alijifunika uso kwa kitenge na mabega yakatikisika. Mimi nililia waziwazi, na sikujali nani ananiona.

Akonkwa aliposhuka, alibonyeza kitufe cha kuteremka, taratibu, jina baada ya jina, mpaka chini. Tulikuwa tumemzunguka, tukaona. Juu kabisa alikuwa Hadjara. Kwenye mstari wa kumi alikuwa Sylvestre, muuza nyanya, ambaye yuko hai na siku hiyo nilikuwa nimemwona akinunua chumvi.

Mwanvua: Unisamehe, baba. Unisamehe sana.

Akonkwa: Hapana, mama. Mushukuru Mungu. Unapashwa kutununulia kahawa.

Mwanvua: Imekwisha.

Akonkwa: Basi kesho.

Enjeniya alikiokota kile kipande cha plastiki kilichoanguka chini, akamnyooshea.

Enjeniya: Sasa uizime, kusudi betri isiishe?

Akonkwa alikataa kwa kichwa. Aliiweka simu katika mfuko wa shati, nje kidogo, kioo kikitazama kwetu, na taa yake ikaonekana kupitia kitambaa.

Akonkwa: Hapana. Akipiga, anikute.